Kiti cha Mama Nicole

Kibao kilikuwa kimetoweka mezani, na ndege ilikwisha kusikika juu ya msitu wa Walikale.

Kilikuwa kibao cha plastiki tu, chekundu, wanachopewa abiria wakishapimwa uzito. Asiye nacho hapandi, hata alie machozi ya damu. Brigitte, Mama Nicole, mkulima wa Bihambwe, alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa upasuaji alimngoja Kisangani. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa. Ndege nyingine ingekuja lini, Mungu ndiye ajuaye.

Inspekta Uwamwezi alifunga mlango wa mkahawa wa uwanja wa ndege. Nje, watu walikwisha kumpata mwizi wao: Noëlla, mhudumu. Walitaka atolewe. Inspekta aliogopa. Umati ukishahukumu, ushahidi hausikilizwi tena.

Alimpekua Noëlla mwenyewe. Hakupata kitu.

"Kibao kilikuwa wapi?"

"Hapa, karibu na sahani," alisema Brigitte. "Chakula kikafika, tukafunga macho, bwana yangu akaomba. Kufungua macho, kibao hakiko."

"Nani alisogea?"

"Noëlla peke yake," alidakia mumewe, Sylvain. "Alipita nyuma ya bibi yangu, akanyoosha mukono."

"Bongo, Papa, uongo mutupu!" Noëlla alilia. "Nilisimama ku mulango, nangojea amina. Nani anatembeza sahani bantu wakiomba?"

Inspekta alimkazia macho Sylvain. "Ulimuona?"

"Kwa macho yangu mbili."

"Wakati gani?"

"Wakati wa maombi."

"Na nani aliomba?"

"Njo mimi."

"Kumbe ulimuomba Mungu huku unachunga meza."

Inspekta akatazama sahani. Mgonjwa alikuwa amejikaza, amekula kidogo sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Sylvain, mwanaume wa jembe, hakuwa amemega hata tonge. Lakini bugali lake lilikuwa na alama za vidole upande mmoja, kama ukuta uliozibwa upya.

"Papa Sylvain, kula."

"Sina njaa."

"Tonge moja tu."

Mikono ya Sylvain ilibaki magotini. Inspekta akanawa, akalipasua bugali. Kibao chekundu kikatokeza.

Brigitte aliziba mdomo. Nje, ndege ilikuwa imetua.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Nicole wetu alipanda ndege hivi hivi, akienda kupasuliwa." Sylvain alianza kulia. "Wakamuzika kule kule. Sikumutupia hata udongo. Nikasema, huyu afie nyumbani, ku mikono yangu."

"Na Noëlla? Wale wangemuua!"

"Sikumuwaza, Inspekta. Niliogopa tu."

"Basi utayasema hayo mbele yao."

Akamtia pingu, akafungua mlango. Sylvain alikiri kwa sauti, mbele ya wote. Waliokuwa na mawe wakayaachia chini, na hakuna aliyethubutu kumtazama Noëlla usoni.

Rubani alikuwa akipiga kelele, mvua inakuja. Brigitte akafuta kibao kwa kitenge chake.

"Unisamehe, Mama Nicole," Sylvain alisema.

"Weye unaogopa kaburi ya mbali," Brigitte alimjibu. "Mimi naogopa hata ya karibu. Nataka kupona."

Akaiendea ndege, mkono mmoja tumboni.