Mbegu Zilizokufa

"Mimba ya nani?"

Mke alidhani mumewe anatania. Alikuwa bado ameshika kile kipimo chenye mistari miwili, meno yote nje kwa furaha.

"Ya jirani," alimjibu akicheka. "Ya nani tena, mume wangu?"

Mume hakucheka. Alikaa kitandani, akaziba uso kwa mikono.

"Mwaka juzi nilipima mbegu zangu, kwa siri. Dada wa maabara akaniambia, 'Pole kaka, zote zimekufa.' Sauti yake haijanitoka mpaka leo. Nikilala naisikia. Nikiona watoto wanatoka shule, naisikia. Sasa niambie, maiti inazaaje?"

Mke aliweka kipimo mezani taratibu.

"Mwaka juzi? Kwa hiyo mama yako aliponiita gogo lisilozaa mbele ya mawifi, ulikuwa unajua?"

Mume akawa anakunja pembe ya shuka.

"Nilipokunywa yale madawa machungu ya uzazi nikatapika, ukanishikia beseni. Ulikuwa unajua?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako nimeinywa mimi! Harufu yake haijanitoka puani. Utapimwa tena, na nitakuwepo."

Maabara ilitaka ajizuie siku chache kabla ya kupima. Wala haikuwa kazi, maana walikuwa wanalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kila mmoja na ukuta wake.

Siku ya kipimo, dada wa maabara alikuwa yuleyule. Aliinua jicho kutoka kwenye darubini, akamtazama mume kwa mshangao.

"Zipo tele, na zinaogelea vizuri tu. Ile sampuli ya kwanza uliitoaje?"

Mume alijikuna shingo.

"Nyumbani. Nilitumia kondomu, halafu nikamimina kwenye kikopo."

"Kaka! Si nilikwambia moja kwa moja kwenye kikopo? Kondomu nyingi zina vitu vinavyoua mbegu. Nilikuuliza, ukasema umefuata maelekezo."

"Niliona haya kukueleza."

"Na nikakwambia urudi tupime tena."

"Niliogopa kulisikia lile neno mara ya pili."

Nje, mume alitaka kumshika mkono mkewe. Mke akaurudisha kifuani.

"Mtoto ni wako. Umefurahi?"

"Nisamehe, mke wangu. Nimekukosea sana."

"Mpigie mama yako. Weka spika."

"Sasa hivi? Hapa barabarani?"

"Mimi nilitukanwa sebuleni, watu wamejaa. Piga."

Simu iliita. Sauti ya mama mkwe ikatoka, kali kama kawaida yake.

"Kuna nini mchana huu?"

"Mama, mwaka juzi niliambiwa tatizo la kukosa mtoto ni langu. Nikanyamaza. Nikakuacha umtukane mwenzangu."

"Unasemaje?"

"Na leo nimepimwa tena, sina tatizo. Kipimo cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Ana mimba, mama. Yangu."

Mume akatazama kioo cha simu, akidhani imekatika. Kisha wakasikia mwanamke mzima analia.

"Mpe simu mwanangu."

"Ni mimi hapa, mama. Nakusikia."

"Si wewe."

Mke alipokea simu.

"Shikamoo, mama," alisema, akaanza kutembea. Mume akafuata nyuma, kamshikia mkoba.