Ndimu katika Mafuta ya Vestine

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya kijiji cha Kingi, Josiane na binamu yake Vestine walishuka pamoja kuteka maji. Umri wao mmoja, darasa moja, hata madumu yao yalifanana. Lakini wanawake waliokuwa bombani walimtazama mmoja tu.

"Vestine, uso wako unang'aa kweli! Unapakaa nini?"

"Mafuta ya avoka, yaani parachichi, na karoti, Mama. Mama yangu alinionyesha kuyatengeneza."

Kila sifa ilimwasha Josiane kama upupu. Ngozi yake ilikuwa imepauka na kupasuka kwa baridi ya milimani. Vestine alikwisha kumwambia, "Njoo tutengeneze pamoja," naye akakataa. Aombe msaada kwa huyo? Hata siku moja! Kisha ikatangazwa kwamba Vestine ndiye atakayeongoza wasichana kucheza wakati wa matoleo, katika sikukuu ya parokia.

"Wamemchagua kwa sababu ya mashavu yake," Josiane alijisemea. "Yakiharibika, tutaona."

Mama Béata, mama yake Vestine, alikuwa muuguzi. Aliwahi kuwaonya wasichana kwamba maji ya ndimu yakikaa juu ya ngozi, kisha jua likaipiga, ngozi huungua. Jioni moja Josiane alinyemelea jikoni kwa kina Vestine, akakamua ndimu ndani ya kopo la mafuta, akakoroga kwa kijiti, akatoroka.

Asubuhi iliyofuata Vestine hakuonekana bombani. Josiane aliporudi nyumbani alimkuta huko, amesimama kando ya mama yake Josiane, aliyempakata mwanawe mchanga, Manzi. Kopo lile lilikuwa chini, limefunguliwa.

"Josiane, ona dada yako ana roho nzuri!" Mama alisema. "Ametuletea dawa ya mashavu ya Manzi yaliyopasuka. Nikimupaka, namubeba mugongoni, tunaenda kulima viazi."

"Na mimi nimepaka kidogo, Mama," Vestine akasema, "nijue kama iko muzuri."

Josiane alilinyakua kopo. Angeweza kuliangusha juu ya mawe. Manzi angepona, na hakuna ambaye angejua. Lakini uso wa Vestine? Jua lilikuwa tayari linapasua ukungu.

"Musimupake!" akalia. "Nilitia ndimu. Nilitaka uso wa Vestine uharibike."

Mama alimvuta Manzi kifuani.

"Mimi?" Vestine aliuliza polepole. "Nilikukosea nini, Josiane?"

Josiane alimvuta kwenye ndoo, akamwosha uso kwa sabuni na maji mengi, huku yeye mwenyewe akilia. Kisha Mama akamwingiza Vestine ndani, mbali na jua.

Mama Béata alipotoka kituo cha afya alielezwa yote, akauchunguza uso wa binti yake. Haukuwa umeungua. Hakumpigia Josiane kelele. Alimwekea mbele maparachichi mabivu na kinu.

"Twanga. Ndani ya avoka na karoti mna vitu vinavyoitwa antioksidanti. Jua na moshi vinachakaza ngozi. Vitu hivyo vinaisaidia kujikinga, nayo mafuta yanaizuia isikauke. Lakini havibadilishi rangi, wala havimfanyi mtu kuwa bora kuliko mwenzake."

"Lakini Vestine walimuchagua..."

"Walimuchagua kwa kuwa hakosi mazoezi. Wewe mara ngapi ulibaki nyumbani ukinuna?"

Josiane aliinamisha kichwa, akatwanga. Vestine akaja kuketi karibu yake. Si karibu sana, ila alichukua karoti, akaanza kuikwaruza.

Mama Béata aliwatazama wote wawili. "Leo umesema kweli, Josiane, ukijua kwamba aibu itakupata, na ukweli huo umewaokoa watoto wawili. Ushike hivyo hivyo, mwanangu. Lakini wivu ulikuwa karibu kumuumiza mdogo wako, ambaye hata kusema hajui. Ukitamani alicho nacho mwenzako, muulize alivyokipata. Vestine angekuonyesha tangu siku ya kwanza."