Mti Mvivu

Mume wangu ni fundi cherehani. Kitu kisicho na kazi hakikai nyumbani kwake. Hata kifungo kisicho na mwenzake anakitupa. Asubuhi hiyo alishika jembe, macho yake kwenye mti wa marehemu mama yangu.

Ni mti mfupi, uko kando ya geti. Majani yake yana miiba, na ni ya kijani mwaka mzima. Zamani ulijaa matunda madogo mekundu. Ndege walikuja kuyala, nami nikamkumbuka mama. Lakini huu ulikuwa mwaka wa pili wa maua matupu.

Nilikuwa nimechoka. Niliumwagilia kutwa kucha, nikauwekea mbolea, nikachomwa miiba. Wapi!

"Leo naung'oa," alisema mume wangu.

"Uguse uone!" nilimjibu.

Jirani yetu, mama muuza miche, alisikia makelele akaingia.

"Shemeji, weka jembe chini kwanza. Mti huu ulikuwa peke yake tangu zamani?"

"Ilikuwa miwili," nilisema. "Mmoja haukuwahi kuzaa. Bwana huyu akaung'oa."

"Mti mvivu ule," alisema mume wangu. "Unakula mbolea ya bure."

Jirani alishika kichwa. "Jamani! Ule ulikuwa dume! Miti hii ina dume na jike. Jike ndiye anayezaa, lakini nyuki lazima wamletee unga wa maua ya dume. Bila dume, mtaona maua tu."

Nilimgeukia mume wangu. Miaka miwili nabeba ndoo, kumbe mchawi ninalala naye kitanda kimoja!

"Na wewe dada, punguza maji," aliongeza jirani. "Mizizi itaoza. Subiri udongo wa juu ukauke. Msikate matawi wakati wa maua. Na watoto wasiyale matunda, yana sumu. Waachieni ndege."

Siku iliyofuata alituletea mche dume uliokwisha kuanza kutoa maua. Mume wangu alichimba shimo mwenyewe.

Mwaka uliofuata nyuki walikuja, kisha matunda, kisha ndege. Nilisimama getini nikalia kidogo. Mume wangu alikuwa ameinama kwenye ule mti mpya, anakuna kichwa.

"Lakini huu bado hauzai kitu," alisema.

"Baba watoto, na wewe hujazaa hata mara moja. Nimekung'oa?"