Mbao za Ghorofani

Katana alipigilia msumari wa kwanza, na kitu kikaugonga ubao ule ule kutoka chini. Akapiga tena. Kikajibu tena, kwa nguvu zaidi. Chumba cha chini kilikuwa ghala la mpunga, kimetiwa kufuli, wala hakikuwa na mtu.

Nyumba hiyo, mjini Kipini, Mwanaarusi aliirithi kwa mama yake, aliyekufa mwaka wa mafuriko kwa kutumbukia chini kupitia sakafu ya ghorofani. Jilo, mume wa Mwanaarusi, aliwaambia waliokuja matangani kwamba mbao zilikuwa nzima. Jini wa nyumba ndiye aliyemvuta mama mkwe. Watu wakaamini. Mwanaarusi naye akaamini, na kila akipita mlango wa chumba kile cha ghorofani alimlaani jini kwa sauti. Mchwa walipozila mbao zilizobaki, ndipo Jilo alipomwita Katana, fundi seremala, abadilishe sakafu yote.

Asubuhi iliyofuata misumari yote ilikuwa imeng'oka. Chumba kilinuka ngozi mbichi. Katana akaipigilia upya. Jua lilipofika utosini mbao mpya zikaanza kupata moto, kwanza vuguvugu, kisha kama kikaango, hata fundi akaruka akakimbilia ngazi, na Mwanaarusi, aliyekuwa amemletea chai, akabaki katikati ya chumba miguu mitupu, haungui, macho yamegeuka meupe, akinguruma kwa sauti nzito ya kiume iliyotikisa boriti na kumfanya Jilo aje mbio kutoka uani.

Katana akamleta shangazi yake Kanze, mganga. Kanze akafukiza ubani, akauliza taratibu kilichomkasirisha mwenye sauti.

"Nimekaa humu kabla ya babu zao," sauti ikasema kinywani mwa Mwanaarusi. "Sijamgusa mtu. Huyu mwanamume aliliona shimo, akatandika mkeka juu yake. Kisha damu ya yule bibi akanitwika mimi."

Jilo akanong'ona kwamba jini ni mwongo, atolewe upesi. Joto likazidi, mbao zikaanza kufuka moshi. Kanze akamwambia jini ahame. Jini akajibu kwamba nyumba ya wasingiziaji haitaki tena, lakini hatoki mpaka mtu huyo aseme mwenyewe.

Moshi ukamfika Jilo magotini. "Nilidhani mkeka utatosha mpaka tuvune, tupate pesa za mbao," akasema, jasho likimtiririka.

Papo hapo sakafu ikapoa. Harufu ikakatika. Mwanaarusi akaanguka chini, akalala kidogo, akafumbua macho yake mwenyewe. Alikuwa amesikia yote. Akainuka, akaiokota nyundo ya fundi, akamwendea mumewe.

Jilo akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mama Kanze," akasema kwa sauti iliyokauka, "bado hajatoka."

Kanze alikuwa anafunga ubani wake kitambaani.

"Ametoka," akasema. "Huyu ni mkeo."