Kisanduku cha Saba

Siku ya kwanza ya mazoezi walicheka. Muziki aliouacha mtunzi marehemu Kazimierz Nowicki ulikuwa na visanduku kumi na viwili vya nota kwenye karatasi moja, na kila mpigaji alikuwa huru: achague kisanduku akitakacho, akipige kwa muda autakao, kisha anyamaze. Wote wanne wakinyamaza, muziki umekwisha. Lakini mchana ule wa theluji, katika chumba cha chini cha kanisa mjini Buffalo, wote wanne walianza na kisanduku cha saba.

"Acheni kuniiga," Dwight, mpiga selo, ile fidla kubwa, aliwatania.

Siku ya pili, cha saba tena. Siku ya tatu kila mmoja aliandika chaguo lake kwenye kikaratasi, akakificha mfukoni. Loretta, mpiga fidla, aliandika tatu. Upinde ulipogusa uzi, vidole vyake vikapiga cha saba. Vya wenzake vilevile.

Harufu ya tumbaku ikatanda.

"Nani anavuta kiko?" Dwight alinong'ona.

"Kazimierz ndiye aliyekuwa anavuta," mmoja akajibu.

Watatu wakashusha pinde zao. Loretta hakushusha.

"Basi, dada. Inatosha," Dwight akamwambia.

"Siwezi," alisema Loretta, machozi yakimtoka, na mkono wake ukazidi kwenda na kurudi, ukienda kasi kuliko alivyowahi kupiga maishani, huku vidole vya kushoto vikichanika juu ya nyuzi na damu ikichuruzika hadi kwenye mkono wa sweta, na Dwight aliyejaribu kumshika akahisi chini ya ngozi yake nguvu ya mwanamume mzee, mkaidi, asiyekubali kuachia.

Wakamwita Halina, dada wa marehemu, aliyeishi jirani. Alikuja na chupa ya maji ya baraka, akamnyunyizia Loretta. Mkono haukusimama.

"Kazik," Halina akasema polepole, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni, "maisha yako yote uliwachagulia watu. Mimi ulinichagulia hata mume. Mwache mtoto wa watu."

Uzi mmoja ukakatika. Upinde ukaendelea.

Halina akafumba macho. "Haya. Nichukue mimi."

Upinde ukaanguka. Loretta akaanguka juu yake, akihema.

Vidole vya Loretta vilipopona walipiga mbele ya watu, kila mmoja na kisanduku chake, na ukumbi ukawashangilia. Halina hakuja. Kesho yake Dwight alimpelekea keki. Alimkuta amesimama mlangoni, amekonda, ncha za vidole vya kushoto zimefungwa vitambaa vyenye damu.

"Mama, unaumwa?"

"Hanipi usingizi," Halina alinong'ona.

"Nimwite padre?"

Halina alitaka kusema ndiyo. Dwight aliiona midomo yake ikianza. Lakini mkono wa kushoto ukainuka wenyewe, ukamsukuma Dwight kifuani, ukafunga mlango.