Kengele ya Adey

Kila asubuhi Hinda aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa. Yalikuwa ya ngamia wa watu. Kwake kulibaki kamba, madumu na mume asiyesema.

Zamani mumewe, Kerrow, alikuwa haishiwi maneno. Akiwanywesha ngamia kisimani, huwaimbia mmoja mmoja. Hinda humtania, "Na mimi utaniimbia lini?"

"Ota nundu kwanza."

Kisha ikaja mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba. Mafuriko na maradhi yakamaliza kundi lake la ngamia karibu na Balambala. Kerrow akarudi na kengele ya mti tu, ile ya Adey, ngamia mweupe aliyeongoza wenzake. Tangu hapo alikaa akitazama ukuta, mpaka ukuta nao ukamchoka.

Wazee wakaonya, "Msimtajie ngamia. Atasahau." Hinda akaificha kengele guniani.

Kerrow hakusahau. Alikonda. Nduguze sasa walitaka kumpeleka kwa jamaa zao huko Elwak, Hinda abaki Garissa. Hinda akaumia. Hamu ya aliyesafiri ina nafuu; yeye alikuwa na hamu ya mtu aliyeketi mbele yake.

Akamweleza Amino, mteja wake wa maziwa, muuguzi wa maradhi ya akili.

"Ana wazimu, abaayo, dada yangu?"

"Wazimu gani, dada yangu! Huzuni imekaa mpaka imekuwa ugonjwa. Inatibika."

"Kwa sindano?"

"Wengine hupewa dawa. Lakini iko pia tiba ya mazungumzo, na njia zake ni nyingi. Kuna kusimulia uchungu kwa mtu asiyekuhukumu. Kuna kulipima wazo linalokutesa, kama ni la kweli. Kuna kurudia kazi uliyoipenda, kidogo kidogo. Mwili ukianza, moyo hufuata. Wengine hupona wakikaa pamoja na waliopata msiba kama wao. Kila mtu na njia yake."

"Sheikh anamsomea Kurani."

"Amsomee, wallahi! Hatugombani na sheikh. Kengele iko wapi?"

Hinda akakohoa. "Guniani."

"Mmezika bila kulia. Itoe."

Hinda alipompeleka Kerrow kliniki, Amino alimwekea kengele mapajani. "Huyu alikuwa nani?"

Kerrow akaipapasa kengele. Kisha sauti ikatoka, ikikwaruza. "Adey."

Akalia. Hinda alitaka kumnyamazisha, Amino akamshika mkono.

Walipokwenda tena, Kerrow alisema, "Mimi ndiye niliyewaua. Niliwapeleka bondeni."

"Ulijua mto utafurika?"

"Nani angejua?"

"Basi hakimu wako ni nani?"

Kerrow aliinama, akafikiri njia nzima ya kurudi.

Kisha Amino akamwomba jirani yao, Rage, amwite Kerrow kunywesha ngamia wake. Mwanzoni Kerrow alisimama mbali. Baadaye akashika kamba. Nduguze walipokuja kumchukua, aliwakatalia. "Siendi Elwak. Nina kazi kisimani, na kliniki Alhamisi."

Asubuhi moja Hinda alipita kisimani, dumu la maziwa mgongoni. Akasikia wimbo. Sauti ilikuwa na kutu, lakini aliijua. Ngamia mmoja wa Rage alikuwa amevaa kengele ya Adey. Kerrow alimwimbia Adey, machozi yakimtoka, na ndoo haikuacha kupanda na kushuka kisimani.

Akamwona mkewe. "Hinda! Nundu imeota?"

Hinda akageuza mgongo, akamwonyesha dumu.

"Hii hapa. Imba."