Uzi wa Kimo Changu

Nilitaka blanketi tu. Naliweka hilo mwanzo kabisa, maana binti yangu anasema nilijitakia.

Jioni ilikuwa inaingia na baridi ile ya kung'ata masikio. Hita ya gari ilikufa tangu mji wa wafinyanzi, na kila fundi niliyemwonyesha aliifungua, akaguna, akaifunga. Nilikuwa peke yangu. Kabla ya kustaafu nilishona sare kiwandani miaka thelathini na minne, mikono ya mashati tu. Mikono, mikono, mikono. Sijawahi kuona shati likiisha. Ndiyo maana nilichukua gari la marehemu mume wangu nikazunguke miji midogo ambako mtu mmoja anaanza kitu na kukimaliza mwenyewe. Binti yangu alinipigia simu kila mji.

"Mama, rudi nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Wewe na mdomo wako?"

Mji wa wafumaji niliukuta umefungwa, isipokuwa duka moja. Ndani alikuwepo mwanamke wa rika langu, ameinamia mtambo wa kufumia. Harufu ya sufu mbichi. Na mlio.

Tak… tak… tak…

"Karibu, dada. Unataka la kimo gani?"

"La kunifunika. Mimi si twiga."

Hakucheka. Tepu ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, lakini hakuigusa. Alivuta uzi mweupe, akaubana chini ya kisigino changu, akaupandisha mpaka utosini, akafunga fundo. Kisha akautundika ukutani, mwisho kulia, penye nyuzi nyingine.

Nyingi. Zote nyeupe.

"Njoo kesho kutwa," alisema.

Sasa, sisi washonaji tukimpima mtu kwa uzi, tunaukata vipande mbele ya macho yake. Unafundishwa hilo siku ya kwanza, hata sindano hujaishika. Uzi wenye kimo cha mtu hauachwi mzima. Nilijua! Lakini simu ilikuwa inalia tena, mgongo unauma, nikatoka nikibamiza mlango.

Kesho yake niliendelea hadi mji wa maseremala. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikavaa soksi jozi tatu. Bure. Mchana baridi ikafika vifundoni, na nje jua linawaka.

Seremala alikuwa anapiga randa. Aliponiona aliacha.

"Mama, umekuja kuliona sanduku lako?"

"Sanduku gani? Sijaagiza hata kijiko."

"Mfumaji ametuma kipimo chako asubuhi. La kuwekea blanketi."

Akanionyesha. Sanduku jembamba, refu. Refu kama mimi.

"Blanketi hukunjwa, baba," nilimwambia.

Akashusha sauti. "Ya kwake hayakunjwi." Akaiangalia miguu yangu. "Baridi imefika magotini?"

"Bado."

"Basi wahi, mama. Wahi."

Niligeuza gari. Nilikuwa nakanyaga breki bila kujua kama nimeikanyaga, nikitukana njia nzima. Nilimtukana mfumaji, nikaitukana hita, na marehemu naye nikamgawia lake kwa kuniachia gari bovu. Nilifika giza likianza kushuka. Mlango wa duka ulikuwa wazi.

Tak… tak… tak…

Kwenye mtambo hakukuwa na mtu.

Blanketi lilikuwa limeanza. Jeupe, upana wa viganja viwili. Nilitoa mkasi mdogo mkobani nikaanza kufumua. Kufumua nakujua kuliko sala zangu. Mstari mmoja ukatoka, kidole gumba cha mguu kikawaka moto. Mwingine, kisigino. Mtambo ulikuwa unapiga, mimi nafumua, unapiga, nafumua…

Ukanyamaza.

Nikaukimbilia ukuta. Wa mwisho, kulia, pale alipoutundika wangu. Nikaunyakua uzi.

Pumzi ikanigusa shingoni. Baridi.

"Dada… huo si wako."

Nikasema moyoni, muongo mkubwa wewe! Nikakimbia. Nilikimbia na magoti yangu haya, sikugeuka.

Wiki tatu miguu ilikuwa na joto. Nilimcheka binti yangu, nikamcheka na seremala. Jumatatu niliamka vidole vimekufa ganzi.

Nikautoa uzi kabatini. Nikaukanyaga kwa kisigino, nikamwambia binti yangu aupandishe.

"Mama," alisema. "Haufiki."

"Vuta."

"Nimevuta, mama. Uzi umepungua vidole vinne."

Nilirudi mji wa wafumaji. Duka tupu, sakafuni alama nne za miguu ya mtambo. Jirani yake, mama mmoja anayesuka vikapu, alisema amehama. Mji gani? Hajui. Huwa anahama tu, akasema, kama vile anazungumzia paka.

Kwa hiyo niko barabarani tena. Kila mji nazima gari nasikiliza. Leo baridi imepita vifundo. Hita bado mbovu.

Na huu uzi sijaukata. Mara tatu nimefungua mkasi, mara tatu nimeufunga, kwa sababu sijui nikiukata na mwenye uzi hayupo, nitakuwa nimekata nini.

Basi wewe. Kama miguu yako ilikuwa barafu siku nyingi, halafu jioni moja ikapata joto bila sababu, ni mimi niliyekutoa ukutani. Shukrani yako sihitaji. Wewe ni mfupi kuliko mimi kwa vidole vinne, na ulisimama kwenye duka la mfumaji yule kama nilivyosimama.

Niambie tu ulimkuta mji gani.